Kujifunza Kiingereza Kinywani mwa Waovu

Vijana wengine hujizoeza kusema Kiingereza kwa kufwata maneno ya waovu wa michezo na sinema. Wanasema mwovu ndiye msemaji hodari kuliko wote. Ni kweli, ndugu wasomaji: mtu mwema wa hadithi anategemea matendo yake, lakini mwovu hana kitu ila ulimi.

Tumtazame Iago, katika mchezo wa Shakespeare uitwao Othello. Hapigi kelele. Anatupa neno moja dogo, ananyamaza, na Othello mwenyewe anamsihi aendelee. Hapa sisi wa Uvira tuna la kujifunza. Sababu ya Kifaransa chetu, tukisema Kiingereza tunachagua maneno marefu yanayofanana nacho, na mara nyingine tunaudhi watu bila kujua: mtu anataka kuuliza kwa upole, anasema «demand», kumbe kwa Kiingereza ni kudai kwa nguvu! Iago anajua uzito wa neno fupi. Katika hilo tumwige.

Mark Antony ni wa kuogopwa zaidi. Mwalimu Nyerere aligeuza mchezo wake kwa Kiswahili, chapa ya kwanza 1963, ya pili 1969, Juliasi Kaizari. Basi hata mkatekista asiyejua Kiingereza anaweza kuusoma. Mbele ya maiti ya Caesar, Antony anawasifu wauaji kuwa watu wa heshima, na anarudia neno lile hata linageuka kuwa tusi. Anaonyesha wosia wa marehemu, kisha anakataa kuusoma, kusudi watu wamlazimishe. Walimu wengi hufunga kitabu hapo. Ni kosa. Mara watu wale wanakutana njiani na Cinna, mtunga mashairi, ambaye jina lake ni sawa na la mmoja wa wauaji. Anawaeleza kwamba yeye siye. Wanajibu kwamba watamrarua sababu ya mashairi yake mabaya. Sisi wa uwanda wa Ruzizi hatuhitaji mwalimu wa kutueleza maana ya kuuawa sababu ya jina.

Basi hotuba ile isomwe pamoja na Cinna. Kisha mhubiri ajiulize: kama ningewafunulia wasikilizaji namna ninavyowavuta, na mahali ninapowapeleka, wangenifwata bado? Iago hawezi kumfunulia Othello hata kidogo. Nabii Natani naye alimficha Daudi mwisho wa mfano wake. Lakini aliufunua mwenyewe, uso kwa uso, na hatari ilikuwa juu yake yeye. Antony alibaki nyuma, wengine wakaenda na moto.