Karani na Kamba Wapi na Wapi?

Vitabu vingi vya nahau za Kiingereza tunavyowanunulia watoto vinaharibikia mahali pamoja: kwenye sentensi ya mfano. Maana imeelezwa sawasawa, halafu inafuata sentensi iliyotungiwa afisi ya London. "Know the ropes", wanasema, ni kuielewa kazi. Mfano, karani mpya bado hajazijua kamba. Karani na kamba wapi na wapi?

Hebu ilete nahau hiyo Shanzu, upande wa wavuvi, si wa mahoteli. Asili yake ni merikebu za tanga, ambako baharia hakuwa baharia mpaka ajue kamba ipi yafanya nini. Mtoto ambaye babake ana chombo cha tanga hahitaji karani. Anajua henza ndiyo ya kupandishia tanga na demani ndiyo ya kulizuia upepo ukikaza. Mkichanganya, mtaoga nyote. "Taken aback" vile vile. Vitabu vinaifundisha kama kushangaa tu, kumbe ni upepo uliolipiga tanga kwa mbele, likagandamana na mlingoti, chombo kikasita. Ukiipata picha hiyo, husahau tena.

Ndiyo maana Krapf, ijapokuwa alikuja na mambo yake ya umisheni, namweka juu ya watungaji hawa. Alifika Mombasa 1844, na kamusi yake, iliyotoka London 1882 mwenyewe akiwa ameshakufa, imejaa mifano ya Kimvita yenye harufu ya mji: vyakula, vyombo, desturi. Mgeni akijifunza Kiswahili humo anajifunza na watu wake. Mwanetu anajifunza Kiingereza kana kwamba kwao hakuna kinachosemeka kwa lugha hiyo.

Ati mtihani ndio uliotaka hivyo. Ni kweli KCPE, mpaka ilipofanywa mara ya mwisho 2023, ilikuwa na insha ya Kiingereza ya alama 40, na watoto wakikaririshwa nahau wazimwage humo. Mvua ilinyesha paka na mbwa hata kwenye insha ya ukame. Lakini nani aliyedai karani?

Shanzu kuna chuo cha walimu. Anayesomea pale anaweza kuandika ubaoni, "Ali is only twelve, but he knows the ropes," kisha akawauliza wanafunzi ni kamba zipi. Watamtajia kwa majina.