Mashine Inayolia Sana Haijapona

Kuna sifa inayotolewa ovyo Bongwe, pwani ya kusini ya Kenya, na hata katika bustani za hoteli za Diani: mashine ya kufyekea nyasi ikirudi kwa fundi inalia kwa sauti nyembamba ya kupasua masikio, mwenyewe hutabasamu na kusema sasa imepata nguvu. Haijapata nguvu. Imenyimwa mafuta, na injini ya mipigo miwili ikinyimwa petroli imenyimwa na oili, kwa kuwa oili yake yote huja ndani ya petroli hiyohiyo: mililita 20 kwa lita kwenye mashine za 50 kwa 1, mililita 40 kwenye zile za 25 kwa 1. Anayesifu mlio huo anasifu pistoni inayojikwangua.

Kiasi cha mafuta huhukumiwa kwa sikio, na hapa ndipo asiyejua hupotea kila mara. Mashine iliyopimwa sawasawa, ukiipiga resi yote kabla haijagusa nyasi, haitoi sauti safi. Hugugumia kidogo, kama mtu anayesafisha koo, kwa sababu mafuta yamezidi kiasi na moto hauwaki barabara kila mzunguko. Ikiingia kwenye magugu na kupata mzigo, kigugumizi hutoweka na sauti hunyooka; ukiiinua, kigugumizi hurudi. Kurudi huko ndiko kipimo. Fundi mchanga huona kigugumizi hicho ni kasoro, hushika bisibisi na kukaza skrubu ya H, ile ya mafuta ya kasi ya juu, mpaka sauti inyooke hewani, na mteja humshukuru. Bingwa hukiacha makusudi. Tena huipima mashine kamba yake ya kufyekea ikiwa imetoka urefu wake kamili, kwani bila kamba injini hukimbia kupita kiasi na kumdanganya msikilizaji. Mafundi waliolelewa na mashine za boti, huku Gazi na Shimoni, hawakuhitaji kufundishwa haya: injini iliyokaangika baharini haimrudishi mvuvi nyumbani. Siku hizi kazi ya sikio imeachiwa bisibisi.

Na bisibisi ni chombo cha mwisho. Mashine inayozima baada ya dakika kumi hufunguliwa kwanza kifuniko cha tangi. Ikifufuka, tundu la hewa limeziba na kabureta haina hatia. Kisha huja mpira wa mafuta, ambao hukakamaa na kupasuka pale unapopenya ukuta wa tangi, ukavuta hewa badala ya petroli. Halafu chujio, kisha diaframu ya kabureta iliyokauka baada ya mashine kulala na mafuta kiangazi kizima. Laghai huruka ngazi zote hizo: huosha kabureta ya zamani kwa petroli, huirudisha iking'aa na kudai bei ya mpya. Anayefungua kabureta kabla ya kifuniko cha tangi si fundi. Na petroli iliyochanganywa kwa kukadiria kwenye chupa ya soda siihesabu kuwa mafuta.

Wapo watakaonisuta kwamba mchanganyiko wa mafuta yaliyozidi hula petroli na kutoa moshi. Ni kweli, hula kidogo. Lakini silinda na pistoni huliwa mara moja tu, na kwenye mashine ya bei nafuu gharama ya kuzibadilisha hukaribia bei ya mashine mpya. Moshi wa kuwasha ukitoweka haraka hauna neno. Wengine watasema mashine za siku hizi hufungwa skrubu zake kiwandani, hivyo sikio halina kazi. Bali hapo ndipo lina kazi zaidi: mashine isiyoweza kukazwa ikianza kulia kwa sauti nyembamba, kuna hewa inayoingia mahali au mafuta yanayozuiwa njiani, na hakuna skrubu ya kuficha kasoro hiyo. Kwa hiyo usimlipe fundi kwa mlio wa karakanani. Mpe kichaka, afyeke mbele yako, ainue, nawe usikilize kama kigugumizi kimerudi.