Haki Sawa ya Kurithi, au Kurithi Sawa? Uhakiki wa nafasi yetu katika mikataba ya wanawake

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Pana maneno mawili ambayo msikilizaji wa haraka huyaona ni kitu kimoja: "haki sawa ya kurithi" na "kurithi sawa". Mwanafunzi wa ilmu ya mirathi anajua umbali uliopo baina yake. La kwanza maana yake ni kuwa mtoto wa kike ni mrithi kwa haki yake, kama ndugu yake wa kiume, na hapana wa kumzuia. La pili maana yake ni kuwa mafungu yao yawe kiasi kimoja. La kwanza limethibiti katika Suratun Nisaa aya ya 7. La pili linagongana na aya ya 11 ya Sura hiyo hiyo.

Mwaka 1995, katika Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake uliofanyika Beijing, ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania, Bi Gertrude Mongella, suala hili liligombewa. Wajumbe wa nchi za Kiislamu walikaa mezani wakajadili neno kwa neno. Fungu la 274 la Mpango wa Utekelezaji likatoka likiwa na haki sawa ya kurithi bila kutazama jinsia ya mtoto. Halikutaja mafungu sawa. Waliokuwepo walilinda kitu, kwa sababu walikuwepo. Makala hii inahakiki mwenendo wetu sisi tusiokuwepo.

Mikataba imetukuta wapi

Mkataba wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake, maarufu kwa jina la CEDAW, ulipitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1979. Tanzania iliuridhia mwaka 1985 bila ya kuweka pingamizi kwa kifungu chochote, hata kile cha 16 kinachohusu ndoa na familia. Oman, ambayo ilijiunga mwaka 2006, iliweka wazi kuwa haifungwi na lile linalokwenda kinyume na Sharia. Mwaka 2003 Umoja wa Afrika ulipitisha Itifaki ya Maputo juu ya haki za wanawake, na Tanzania ikairidhia mwaka 2007.

Kwa Zanzibar jambo hili lina uzito wa peke yake. Mambo ya nje ni mambo ya Muungano. Ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu ni mambo ya Zanzibar, na sheria zake hupitishwa na Baraza la Wawakilishi. Basi anayetia saini ni mmoja, na kadhi anayeulizwa baadaye kuhusu saini ile ni mwengine. Katikati ya wawili hawa hupita jumuiya zisizo za kiserikali. Hizo ndizo zinazoandika ripoti kivuli kupeleka Geneva, na hizo ndizo zinazohudhuria Kamisheni ya Hali ya Wanawake kila mwaka New York. Mwaka 2021, katika Jukwaa la Kizazi chenye Usawa lililofanyika Mexico na Paris, vijana na asasi za kiraia waliwekwa kuwa washirika wa uandaaji pamoja na serikali. Mlango umefunguliwa wazi. Swali ni nani anayeingia.

Somo la Mali

Mwezi wa Agosti 2009 Bunge la Mali lilipitisha sheria mpya ya familia. Baraza Kuu la Kiislamu la nchi ile likaita watu, na makumi ya maelfu wakajaa uwanja wa michezo wa Bamako. Rais Amadou Toumani Touré hakuitia saini. Sheria ikarudishwa, ikarekebishwa, na mwishoni mwa 2011 ikapita ikiwa imeuacha mlango wa mirathi ya Kiislamu. Masheikh wakarudi nyumbani wakijua kuwa wameshinda.

Hawakuwa wameshinda. Jumuiya mbili, APDF na IHRDA, ziliifikisha Mali mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yapo hapa hapa kwetu, Arusha. Tarehe 11 Mei 2018 Mahakama iliamua kuwa sheria ile imevunja Itifaki ya Maputo katika umri wa ndoa, katika ridhaa ya wanaooana na katika mirathi. Serikali ilijitetea kwa hali halisi ya jamii na dini, na kwa nguvu ya maandamano yale. Mahakama haikukubali. Msomaji atafakari: hoja ya umati inamtisha rais, lakini haimkinaishi jaji. Mbele ya jaji hutakiwa dalili, na dalili ni kazi ya wanazuoni. Uwanja ulijaa watu, na jalada likakosa fiqhi.

Hukumu ile katika mizani ya fiqhi

Uadilifu unatutaka tusiitupe hukumu nzima. Mahakama ilisema kuwa si halali sheria kumwacha anayefungisha ndoa ya kidini bila ya wajibu wa kuhakikisha ridhaa. Hapa Mwislamu hana la kugomba. Khansa bint Khidam (R.A.) alipoozeshwa na baba yake bila ya ridhaa, Mtume (S.A.W.) aliivunja ndoa ile, na habari yake imo katika Sahihi Bukhari. Wanazuoni wamekhitilafiana juu ya bikra na walii mujbir, lakini hakuna aliyesema kuwa kumuuliza binti ni dhambi.

Katika mirathi ndipo penye kasoro. Kifungu cha 21 cha Itifaki ya Maputo kinataka mwanamke na mwanamume warithi kwa mafungu ya uadilifu. Neno lililotumika ni uadilifu, wala si ulingano wa kiasi. Mahakama ikaitazama nusu ya binti peke yake, ikaihukumu. Haikutazama kuwa aya ya 11 inawapa mama na baba wa maiti aliyeacha mwana wa kiume sudusi sawa kwa sawa, wala kuwa aya ya 12 inawashirikisha ndugu wa upande wa mama, wa kike na wa kiume, bila ya kupambanua. Ingekuwa jinsia ndiyo illa, isingewezekana hivyo. Tena fungu la mwana wa kiume limefungwa na nafaka: yeye ndiye anayewajibika kumlisha mke, watoto na mara nyingi dada asiye na mume, na binti hana wajibu huo katika mali yake. Kulitenga fungu na jukumu lake ni sawa na kusoma nusu ya mkataba.

Hata hivyo, hoja hii inatukata na sisi. Ikiwa kaka anachukua mafungu mawili na hamlishi dada yake, huku imamu wa mtaa anajua na amenyamaza, basi tumempa hasimu nusu ya hoja yake.

Wajane wa Shinyanga

Wapo wanaosema: tujitenge na meza hizi kabisa, kwani hazina kheri. Waitazame kesi ya wajane wawili wa Kitanzania, wanaotajwa katika kumbukumbu kwa herufi E.S. na S.C. Hawa walinyimwa mirathi ya waume zao chini ya sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliona ubaguzi lakini haikuzifuta sheria zile. Mwaka 2010 rufaa yao ilitupwa kwa dosari za taratibu. Mwaka 2015 Kamati ya CEDAW ikaamua kuwa wamedhulumiwa.

Kwa mirathi ya Kiislamu mke wa maiti aliyeacha watoto ana thumuni yake, na asiyeacha watoto ana robo, fungu lisilogusika na mila wala ukoo. Lile ambalo wajane hawa walilitafuta mpaka Geneva, fungu la mjane, limo katika Suratun Nisaa tangu zama za Mtume. Kamati ile haikulisikia hilo kutoka kwetu. Angekuwepo kijana mmoja wa Kiislamu mwenye kuijua faraidhi na kuijua lugha ya mikataba, angeliweza kuieleza Sharia kuwa ni mtetezi wa mjane, badala ya kungoja iletwe kama mshitakiwa.

Je, inajuzu kushiriki?

Mtume (S.A.W.) alihudhuria Hilful Fudhul katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an kabla ya kupewa utume, mapatano ya washirikina ya kumnusuru mdhulumiwa, na baada ya Uislamu aliyasifu. Huo ni msingi wa kushirikiana katika haki na yule asiyekuwa wa dini yetu.

Lakini dalili iliyo karibu zaidi ni Hudaybiya. Pale palikuwa na mkataba, palikuwa na mwandishi, Ali bin Abi Talib (R.A.), na palikuwa na mjumbe wa upande wa pili, Suhayl bin Amr, aliyegomba juu ya kila neno. Mtume (S.A.W.) alikubali kuondoshwa maneno ambayo masahaba yaliwauma kuyaona yakifutwa. Wao walipotaharuki, shauri lililoutengeneza mambo lilitoka kwa mwanamke, Ummu Salama (R.A.). Kisha akaja Ummu Kulthum bint Uqba, msichana aliyekimbia Makka kwa ajili ya dini yake, na jamaa zake wakamdai kwa mujibu wa mkataba. Aya ya 10 ya Suratul Mumtahina ikateremka kukataza wanawake waumini kurejeshwa. Wako wanazuoni waliosema kuwa mkataba uliwahusu wote, kisha aya ikawatoa wanawake. Na wako waliosema kuwa haukuwahusu tangu mwanzo, kwani katika riwaya ya Bukhari neno lililoandikwa lilikuwa "mwanamume". Kwa vyovyote vile, msichana yule alibaki Madina, na uhuru wake ulijadiliwa kwa matamko ya mkataba.

Ama vijana, Umar (R.A.) alikuwa akimkalisha Ibn Abbas pamoja na wazee wa Badri. Walipouliza kwa nini, aliwaonyesha ilmu yake katika tafsiri ya Suratun Nasr. Hakumkalisha kwa sababu ya ujana. Ujana haukumzuia, na ilmu ndiyo iliyomstahikisha.

Mpaka wa kushiriki ni hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, kwamba Waislamu hufungwa na masharti yao isipokuwa sharti linaloharimisha halali au kuhalalisha haramu.

Kasoro za meza yenyewe

Kushiriki si kusifu kila kitu. Kijana anayepelekwa New York kwa tiketi ya mfadhili, kwa mada aliyoichagua mfadhili, na ripoti atakayoisoma mfadhili, anamwakilisha nani? Uwakilishi katika fiqhi ni wakala, na wakala hausihi bila ya muwakili. Kijana wa Unguja asemapo "vijana wa Zanzibar wanataka", yapasa pawe na kikao Makunduchi, Nungwi au Wete ambacho kimemtuma. Na anaporudi atoe hesabu ya alichokisema, msikitini na skuli, kabla ya ukumbi wa hoteli.

Kasoro zetu, na kazi ya Tunguu

Mwanamke wa Unguja aliyepika, akauza, akakopa katika kikundi na kutia matofali katika nyumba iliyoandikwa jina la mume, akapewa talaka, hupata nini? Wengi wetu tunamjibu: eda yake. Jibu hili si fiqhi kamili. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi si wajibu kwa mke kumtumikia mume kwa kupika na kufua. Basi kazi yake ina thamani, na mali aliyoitia ni yake. Huko Morocco wanazuoni wa Kimaliki, miongoni mwao Ibn Ardhun katika karne ya kumi ya Hijria, waliifahamu haki ya jitihada ya mke katika mali ya nyumba. Katika nchi za Kimalay, zenye madhehebu kama yetu, mali ya pamoja ya mume na mke inatambuliwa na mahakama za Sharia. Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya Zanzibar ya 2017 nayo imetaja mgawanyo wa mali ya ndoa pale penye mchango halisi. Mchango halisi ni upi? Hapa ndipo panapotakiwa ijtihadi. Tusipolijibu sisi kwa Minhaj, atalijibu mwengine kwa kifungu cha 16.

Morocco inatufundisha njia. Mwaka 2001 iliundwa tume yenye wanazuoni, wanasheria na wanawake, ikabishana kwa muda mrefu, na mwaka 2004 sheria mpya ya familia ikapita Bungeni kwa istilahi za fiqhi. Mali walianza na Bunge, wakaenda uwanjani, wakaishia Arusha.

Zanzibar inayo Tunguu. Hapo pana Chuo Kikuu cha Zanzibar, kilichoanzishwa 1998 na kinachosomesha sheria na Sharia chini ya paa moja. Pana kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Na pana jengo jipya la Mahakama Kuu. Mwanafunzi anayetoka darasa la mirathi akaingia darasa la sheria za kimataifa hahitaji mkalimani. Anachokosa ni mwenye kumtuma. Makadhi na wanazuoni wawape vijana hawa, wa kike na wa kiume, kazi tatu: kuisoma kila ripoti ya Tanzania inayokwenda Kamati ya CEDAW na kuandika ripoti ya upande wa Sharia; kukusanya hukumu za makadhi juu ya mali ya ndoa ili zijulikane; na kukaa pamoja na jumuiya za wanawake za hapa Zanzibar, zikiwemo za wanasheria wanawake, kabla ya safari na si baada ya ugomvi. Katika mengi watakubaliana: nafaka, mahari iliyoliwa na walii, fungu la binti lililozuiwa na kaka. Katika machache watakhitilafiana, na khitilafu iliyoandikwa kwa dalili ina heshima yake.

Mwislamu asiyeandika huandikwa. Mikataba ijayo ya wanawake itaandikwa tu, tuwepo tusiwepo. Na neno moja katika mkataba, kama tulivyoona Hudaybiya na Beijing, laweza kumwacha msichana Madina au kumrudisha Makka.

Wallahu a'lam, wabillahi tawfiq.