Jicho la Mfugaji

Mbwa wa aina ya dalmatia huzaliwa mweupe pe. Madoa yaliyompa umaarufu huanza kujitokeza baada ya wiki mbili hivi, kwanza kama vivuli hafifu ngozini, kisha meusi au ya kahawia. Siku zote hizo mfugaji huwanyanyua watoto mmoja mmoja, huwageuza tumbo juu, hukagua taya na mabega, na masikio yakishazibuka huwapigia makofi kwa nyuma kuona nani kageuka na nani hakusikia, maana uziwi umo sana katika ukoo huu. Naiheshimu mno kazi hii. Inataka subira, na yaliyo mazito ndani yake hayaonekani kwa macho.

Mwamuzi wa maonyesho hutazama madoa na mwendo. Hawezi kuona mkojo. Na kwenye mkojo ndiko kulikokuwa na ila kubwa ya dalmatia: mwili wake haubadilishi asidi ya yuriki kama wa mbwa wengine, hivyo asidi hiyo hujaa kwenye mkojo na yaweza kugeuka mawe. Dume, ambaye njia yake ya mkojo ni nyembamba, akizibwa na jiwe hupata mateso makali, na asipowahiwa hufa. Hapa ustadi wa kawaida uligonga mwamba. Ungechagua dume bora na jike bora, ungesubiri vizazi kumi, bado ila ingebaki palepale, kwa kuwa dalmatia wote wa nasaba safi walikuwa nayo.

Mwaka 1973, Robert Schaible, mtaalamu wa jenetiki wa Marekani, alimpandisha dalmatia na mbwa wa kuwinda aina ya pointa. Watoto wote walipata nakala moja ya jeni nzima, isiyo na ila hiyo, nayo moja inatosha. Madoa yao, hata hivyo, hayakuwa ya kumridhisha mwamuzi yeyote. Akawarudisha kwa dalmatia, kizazi baada ya kizazi, na kila mara nusu tu ya watoto, kwa wastani, walirithi jeni ile. Kipimo cha vinasaba hakikuwapo; ilibidi kupima mkojo. Hebu fikiri: una mtoto mwenye madoa mazuri ajabu mikononi, na majibu ya mkojo yanakwambia si huyu, ni yule ndugu yake mwenye madoa yaliyofifia. Kumchagua huyo wa pili kwataka moyo, na kwangu mimi huo ndio ufundi wenyewe.

Damu ya nje hupungua nusu kila unaporudisha. Baada ya kurudisha mara tano, ya pointa hubaki sehemu 1 kati ya 64. Hata hivyo wafugaji wengi waliona usafi wa nasaba umechafuliwa. Mwaka 1981 chama cha Marekani cha kusajili mbwa kiliwaandikisha wawili wa ukoo huo, kisha kikafunga daftari wanachama wa klabu ya dalmatia walipopinga. Daftari lilifunguliwa tena mwaka 2011, baada ya wanasayansi kuitambua jeni yenyewe.

Siku hizi kipimo cha vinasaba kinatosha. Ukienda kununua dalmatia, muulize mfugaji majibu ya kipimo hicho na ya usikivu kabla hajakuonyesha vikombe vya wazazi. Akisita, tafuta mwingine.