Daftari la Kachero Si Sauti ya Umma

Mabeberu walitutawala kwa bunduki, na walitutawala pia kwa kalamu. Kila mkutano wa ukombozi ulikuwa na mgeni asiyealikwa: kachero aliyekaa pembeni akiandika maneno ya wasemaji. Leo madaftari hayo ni sehemu ya historia yetu, na baadhi yetu huyanukuu kana kwamba ni sauti ya viongozi wenyewe. Je, maandishi ya dola ya kikoloni yanaweza kueleza kwa haki mapambano dhidi ya dola hiyo hiyo?

Tuchukue mfano ulio wazi. Tarehe 26 Julai 1952 Jomo Kenyatta alihutubia maelfu ya watu katika mkutano wa KAU huko Nyeri, Kenya. Hotuba inayonukuliwa hadi leo ni ile iliyoandikwa na ofisa wa polisi, Ian Henderson, ikachapishwa kwa Kiingereza mwaka 1960 katika ripoti ya F. D. Corfield juu ya chimbuko la Mau Mau. Yaani mtuhumiwa ananukuliwa na askari, na askari anachapishwa na serikali iliyomfunga mtuhumiwa.

Hata hivyo, msomaji makini ataona mgongano. Humo humo Kenyatta anaeleza rangi za bendera ya KAU, anazungumzia ardhi, anadai malipo sawa kwa kazi sawa, analaani wizi na rushwa, na anasema hakubaliani na wanaotaka kutumia nguvu. Tarehe 24 Agosti aliulaani Mau Mau hadharani huko Kiambu. Lakini mnamo Oktoba hali ya hatari ilitangazwa, akakamatwa, na tarehe 8 Aprili 1953 akahukumiwa Kapenguria miaka 7 na kazi ngumu kwa kuuongoza Mau Mau. Ni wazi kwamba dola haikuandika ili ijue ukweli. Iliandika ili ijiwekee akiba ya ushahidi. Na ushahidi ulipomtetea mshtakiwa, ukapuuzwa.

Tanganyika nayo haikusalimika. Mikutano ya TANU ilihitaji kibali, na makachero walihudhuria. Mwaka 1957 Mwalimu Nyerere alipigwa marufuku kuhutubia hadhara. Mwaka 1958 alishtakiwa kwa maandishi yake katika Sauti ya TANU, akatetewa na D. N. Pritt, wakili yule yule wa Kapenguria, akatozwa faini. Kisha mwaka 1961 Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Iain Macleod, aliagiza kwamba nyaraka ambazo zingeiaibisha serikali yake au kuwafichua watoa habari wake zisikabidhiwe kwa nchi zinazojitawala. Aliyeandika ndiye pia aliyechagua kipi kibaki.

Kutokana na hayo tunaona mapungufu matatu. Kwanza, kachero huchagua neno la kushtaki na kuacha la kujenga. Pili, lugha ya umma hupita katika tafsiri ya mtawala. Tatu, na hili ndilo kubwa, umma huhesabiwa vichwa lakini hausikilizwi. Mkulima aliyetembea kutwa nzima kwenda mkutanoni, akarudi kuwaeleza wenzake, hamo daftarini.

Hatusemi madaftari yachomwe. Kuchoma nyaraka ni desturi ya mkoloni. Tunasema yasomwe kama ushahidi wa adui, na yapimwe kwa ushahidi wa wananchi. Ushahidi huo uko Vihingo na katika vijiji vingine vya Kisarawe na Kibaha, vifuani mwa wazee. Aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1957 sasa amepita miaka 80. Chuo cha uongozi cha Mwalimu Julius Nyerere, kilichofunguliwa Kibaha mwaka 2022, kiko jirani nao. Ni wajibu wa wanafunzi wa itikadi kwenda kuwasikiliza na kuandika: walisikia nini, walielewa nini, walifanya nini baada ya mkutano. Tusipofanya hivyo mapema, kachero atabaki kuwa mwanahistoria wetu pekee.