Neno moja la upepo

Ndugu kadhaa, wakisoma vitabu vya Kiingereza, hugeuza neno «draught» kuwa «upepo», basi. Sisi twaona haitoshi. Asili yake ni kitenzi cha zamani chenye maana ya kuvuta: hewa ivutwayo nyumbani kwa upenyo wa mlango, kinywaji kivutwacho kwa funda moja, ng'ombe wa kuvuta gari.

Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Luka 5, ni mvuto wa nyavu za Petro zilizojaa samaki. Kumbe katika Matayo 15, 17 neno lilo hilo ni choo! Vulgata haichanganyi: «captura» kule, «secessus» huku. Mwenye kuandika «upepo» pote pawili, Wakristu wake wataelewa nini? Na Kiswahili chetu chavuta nyavu, hewa na tumbako kwa kitenzi kimoja.