Mbwa Hafi Maji Akiona Ufuko

Mlezi hodari wa mbwa mwenye hofu utamjua kwa mambo anayojizuia kuyafanya. Hamwinamii mbwa kwa juu. Hamkazii macho. Hamfuati mvunguni alikojificha, wala hamvuti kwa kamba ili azoee kwa nguvu. Hukaa kando, amempa ubavu, anachambua mchele wake, na mara moja moja humwangushia dagaa mkavu pale pale alipojibanza. Mpita njia wa Bangwe au Katubuka, hapa Kigoma, akichungulia uani kwa mama mmoja wa Bangwe, mlezi wa namna hiyo, atadhani hana habari na mbwa wake. Kumbe yuko kazini, tena kazi ngumu, kwa sababu mkono wa binadamu una haraka. Ukimwona mnyama anatetemeka, unataka kumshika upesi. Kwa mbwa aliyekwisha kuogopa, mkono unaomjia kwa juu ni tishio jingine. Kwa hiyo fundi wa kazi hii huanza kwa kuufunza mkono wake mwenyewe.

Kigoma ni mahali pa kuupima ufundi huo. Mvua zetu huanza kati ya Oktoba na Novemba na kuendelea hadi Mei, na haziji kimya. Tuko pembeni mwa ukanda wenye radi nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya Afrika: vipimo vya satelaiti vilivyochapishwa mwaka 2016 viliiweka Kabare, huko Kivu Kusini kaskazini mwa ziwa letu la Tanganyika, mbele ya bara zima, kwa radi zaidi ya 200 katika kila kilomita moja ya mraba kwa mwaka. Ngurumo ikipiga juu ya ziwa, milima huirudisha. Mvua ikianza kuyachapa mabati, watu ndani ya nyumba hupaza sauti ili wasikilizane. Mbwa aliyefungwa mlangoni hana pa kukimbilia, na hakuna aliyemweleza kwamba kelele hiyo itapita.

Mlezi mzuri huiona hofu kabla haijawa kilio. Mbwa hujilamba midomo ilhali hajala. Hupiga miayo ilhali hana usingizi. Masikio hulala nyuma, mkia huingia katikati ya miguu, weupe wa jicho huonekana pembeni, mguu mmoja wa mbele huinuka na kubaki hewani. Huhema ijapokuwa jua limeshazama. Halafu kuna ile hali inayodanganya wengi, ya mbwa kuganda kabisa. Watu husema ametulia. Fundi hutazama mbavu zake, akiona pumzi ni fupi na za haraka, anajua kwamba hapo hakuna utulivu. Kumkaribia saa hiyo ni kutafuta kuumwa.

Jambo la pili ni kumtoa mbwa katika shaka ya ugonjwa. Mbwa aliyekuwa mchangamfu akaanza kuogopa kila mshindo huenda ana maumivu: sikio limeoza ndani, jino limevunjika, nyonga imechakaa. Kelele humshtua, mwili wote hukakamaa, kidonda huuma, na mbwa huunganisha uchungu na ile sauti. Mama ninayemsema hupitisha vidole masikioni na katikati ya kucha akitafuta kupe, kwa kuwa kupe huleta homa zinazomaliza damu. Hutazama fizi kama zina wekundu wake. Hutazama macho, maana mkoa wetu una mbung'o, na mbwa aliyeambukizwa na mbung'o anaweza kupata ukungu machoni. Asiyeona vizuri huogopa zaidi. Akiona lolote kati ya hayo humwita daktari wa mifugo kabla ya kuanza somo lolote. Hampi dawa za maumivu za binadamu, kwani ibuprofeni na diklofenaki huweza kutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake.

Somo lenyewe hufanyika kiangazi. Anayengoja hadi mawingu ya Oktoba amechelewa, maana mnyama aliyepandwa na hofu hajifunzi kitu. Kuanzia Juni, mbingu zikiwa safi, mlezi hutafuta sauti ya ngurumo iliyorekodiwa na kuicheza kwa sauti ya chini sana, ya chini kiasi kwamba mbwa anainua sikio tu kisha anaendelea na shughuli zake. Simu peke yake haitoshi, kwa sababu spika yake ndogo haiwezi kutoa mngurumo ule mzito unaotikisa kifua, basi huungwa kwenye redio au sabufa. Ngurumo ndogo, kisha dagaa. Kimya. Ngurumo ndogo, kisha dagaa. Dakika chache, basi. Kesho tena. Sauti hupandishwa kidogo pale tu mbwa anapoisikia na kumgeukia mlezi wake akitarajia chakula. Akikataa kula, mlezi anajua kwamba amepandisha mno, na hurudi chini bila kinyongo.

Mpangilio huo ndio moyo wa kazi. Sauti hutangulia, chakula hufuata. Ukiugeuza, ukatoa dagaa kwanza kisha ngurumo ikaja, umemfundisha mbwa kwamba dagaa ni dalili ya radi, naye ataanza kukimbia chakula. Nimewaona watu wenye nia njema wakiharibu kazi ya wiki nzima kwa kosa hilo. Na mvua za kweli zinapofika, mlezi huchukua faida ya maumbile. Mwanga wa radi hufika mara moja, sauti yake huchukua takriban sekunde tatu kwa kila kilomita. Radi ikimulika upande wa ziwa, mama huhesabu kimoyomoyo huku dagaa wako tayari kiganjani. Ngurumo inafika, dagaa anaanguka. Ikiwa hesabu zinazidi kuwa fupi, dhoruba inakaribia, anaacha somo na kumwachia mbwa aende kwenye maficho yake.

Msingi wa njia hii ulielezwa kitabibu na mtu wa bara letu. Joseph Wolpe, daktari wa Johannesburg, alifanya majaribio kwa paka waliotishwa hata wakakataa kula ndani ya chumba walichoogopeshwa. Aliwalisha kwanza katika vyumba visivyofanana na kile, kisha vinavyofanana kidogo, akasogea hatua kwa hatua hadi wakala mahali pale pale palipokuwa pakiwatisha. Mwaka 1958 alichapisha kitabu juu ya njia hiyo, na tangu hapo imewasaidia watu wengi wenye hofu zao pamoja na wanyama wao.

Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Kila mbwa mwenye hofu anahitaji ufuko wake, na kuutengeneza ni sehemu ya ufundi inayostahili kutazamwa kwa makini. Kibanda kizuri hujengwa kwa matofali au udongo mzito, mlango wake hauelekei ziwani, na juu ya bati huwekwa tabaka nene la nyasi ili matone yasilie. Ndani kuna gunia kavu. Mbwa huingia na kutoka atakavyo. Hakuna anayemfukuza humo, hakuna anayemtoa kwa nguvu, watoto wa nyumbani wameambiwa na wametii. Akikimbilia kwa mlezi wake badala ya kibandani, hapigwi teke. Wapo wanaoogopa kwamba kumliwaza ni kumfundisha uoga, lakini hofu si tendo ambalo mnyama huchagua kulirudia ili alipwe. Kukaa naye karibu kwa utulivu hakumzidishii hofu.

Kaskazini mwa mji wetu, kwa mashua kutoka Kibirizi, ndiko ufundi wa namna hii ulikofanywa ukajulikana duniani kote. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alishuka Gombe tarehe 14 Julai 1960 akiwa na umri wa miaka 26, na sokwe wakamkimbia. Hakuwafuata mbio. Alikaa kilimani siku baada ya siku, amevaa nguo za rangi ile ile isiyong'aa, akaonekana mahali pale pale, hadi sokwe mmoja aliyemwita David Greybeard akamruhusu kusogea. Mwenyewe aliwaambia watu maisha yake yote kwamba mwalimu wake wa kwanza kuhusu akili na hisia za wanyama alikuwa Rusty, mbwa wa utotoni mwake huko Bournemouth, Uingereza. Na ustadi huo haukubaki kwake. Mei 1975 waasi walipovuka ziwa na kuwateka wanafunzi wanne wa kambi yake ya utafiti, waliobaki kuwafuatilia sokwe na kuandika kumbukumbu za kila siku walikuwa Watanzania, miongoni mwao Hilali Matama na Hamisi Mkono. Kumfuata mnyama wa porini kutwa nzima bila kumtia hofu ni kipaji cha watu wa ufuko huu, na hatujakisifu vya kutosha.

Gombe ilifundisha pia mpaka wa chakula. Ndizi zilizowekwa kambini ili kuwavuta sokwe ziliwajaza mahali pamoja na kuzidisha ugomvi, na ugawaji wake ukalazimika kupunguzwa. Mlezi wa mbwa huzingatia hilo. Dagaa wake ni wachache, hawana chumvi, huja kwa wakati wake, wala hawatumiki kumlaghai mbwa atoke maficho yake. Mbwa aliyedanganywa mara moja hukumbuka.

Mtu atauliza ufundi huu una nafasi gani Ujiji, mji wa Waislamu tangu enzi za misafara, ambako mate ya mbwa ni najisi na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Ninaona una nafasi kubwa. Njia nzima inajengwa juu ya umbali: chakula huangushwa chini, bakuli la mbwa ni lake na liko nje, kibanda chake kiko uani, na mlezi hana haja ya kulambwa mkono. Mafunzo ya mbwa yanatambuliwa katika Qurani yenyewe, aya ya nne ya Sura ya Al-Maida, inayohalalisha windo la wanyama waliofunzwa. Na ni nani aliyepita madrasa asiyekumbuka hadithi iliyopokewa na Bukhari ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kiatu chake na kumnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake?

Katika nyumba nyingi, hata hivyo, mbwa bado hufungwa mnyororo mfupi mchana kutwa, hupigwa, hulishwa pilipili ili awe mkali. Anayepatikana ni mbwa aliyenyimwa njia ya kukimbia, akabakiwa na meno tu. Mbwa huyo humuuma mtoto wa jirani, na hapo jambo linakuwa la mtaa mzima. Kidonda cha meno ya mbwa kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na mtu afikishwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa kuwa kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu kila mara huua.

Ugonjwa huo huzuiwa kwa chanjo, na Shirika la Afya Duniani huhimiza kwamba angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wachanjwe ili maambukizi yakatike. Lakini mbwa gani hufikishwa kwenye chanjo? Ni yule anayekubali kamba, anayevumilia umati, anayeweza kushikwa begani na mtu asiyemjua. Mwoga hubaki nyumbani, kwa sababu wenyewe wanaogopa kumshika. Ndiyo maana mama wa Bangwe, akimaliza somo la ngurumo, huanza somo la mkono: kugusa bega na kuachia, kushika ngozi ya shingo na kuachia, kamba kuvaliwa na kuvuliwa, kila mara dagaa akifuata. Ufundi unaoonekana kuwa huruma ya mtu mmoja kwa mnyama mmoja ni ulinzi wa watoto wote wanaocheza katika mtaa ule. Nawasihi wenye mbwa wa Kigoma na Ujiji waanze kiangazi hiki, sauti ikiwa chini na mkono ukiwa mpole, na wawakalishe watoto wao karibu watazame jinsi inavyofanywa.